Si kila krosi inayokufa ni feki, pimeni kwanza pembe za propela

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua utasema ndefu, ikate unavyoona ila zile namba nakuomba usiziguse maana bila namba hii barua inabaki maneno ya kijiweni tu.

Nimesoma hapa hapa barua ya msomaji mwenzangu analalamika kwamba krosi za propela, vile viungo vya umbo la msalaba kwenye miisho ya lile bomba refu linalopeleka mzunguko kwenye magurudumu, zinazouzwa siku hizi zote feki, yeye kabadilisha tatu ndani ya mwaka mmoja, kaenda mpaka Dar kuitafuta nyingine akiamini za huku kwetu Tanga ndo mbovu na hiyo ya Dar nayo ikafa. Anaomba wauza spea washughulikiwe. Sawa. Mimi siwatetei wauza spea, feki zipo na wote tunazijua, unafungua boksi limeandikwa vizuuri ndani chuma laini kama sabuni ya mche. Lakini katikati ya ile barua, kwa kupitiliza tu kama mtu anayetaja rangi ya shati, kasema gari yake kaiinua ili apite njia za mashambani. Hapo ndo nilipoweka kikombe cha chai chini nikaisoma upya, maana huyo mtu nimemjua bila kumwona, huyo ni mimi mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita.

Nina Land Cruiser ya kizamani, mkonga, springi za bamba mbele na nyuma. Nakaa Ngamiani huku kwenye barabara za namba, kazi yangu kupandisha bidhaa za duka Amani na kushusha iliki, pilipili manga na mdalasini, na ukifika msimu wa machungwa basi nabeba machungwa ya Muheza kama wenzangu. Anayeijua ile njia ya kutoka Muheza kupanda Amani wakati wa masika hana haja ya kuelezwa kwa nini mtu anainua gari, udongo unateleza kama umepakwa mlenda, malori yameshachimba mitaro miwili na katikati kumebaki tuta, na lile tuta linakwangua tumbo la difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, mpaka unasikia kwenye meno yako. Kwa hiyo nikainua. Gereji sitaitaja, fundi ni kijana mzuri na tunasalimiana mpaka leo, tena kazi ya kuchomelea anaijua kweli. Aliongeza bamba kwenye kila springi na akabadilisha sheko, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesesi, akaweka ndefu za kuchonga mwenyewe. Gari ikapanda kama sentimita 10. Ilisimama kama dume la ng'ombe, watoto wa mtaani walikuja kupiga nayo picha.

Siku ya kwanza kwenye lami, nimetoka Kange naelekea Muheza, ilipofika 60 nikasikia mngurumo chini ya kiti. Ikifika 80 kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, pikipiki nyuma yangu naiona tatu tatu. Nikarudi. Fundi akasema tairi, tukapiga balansi zote nne, mngurumo uko pale pale. Akasema raba ya gia boksi, tukabadilisha. Mwezi wa pili krosi ya mbele ya propela ya nyuma, ile inayoshikana na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), ikaanza kugonga, tukaweka mpya, miezi miwili mbele ikafa, tukaweka nyingine. Krosi zangu zikawa kama ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Ndani ya miezi minane nimekula krosi nne na sili moja ya pinioni, ile shafti fupi ya kuingilia difu, ikawa inamwaga oili ya difu, na mimi kila kijiwe nikikaa hadithi ni moja tu, feki, feki, wachina, wauza spea hawana utu. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika jua litatoka upande wa baharini.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyestaafu, miaka yake mingi alikuwa mashine ya kukereza kwenye karakana ya shamba la katani, zile karakana za zamani ambazo kama kitu hakipo kinachongwa. Nilimpelekea propela anikereze tu sehemu moja. Akaishika, akaizungusha, akaichungulia kwa jicho moja kama mtu anayetazama kama mbao imenyooka, kisha akaniuliza, gari hii imeinuliwa? Nikamwambia ndiyo mjomba. Pembe alipima nani? Nikamuuliza pembe gani mjomba. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema kairudishe propela ilikokuwa kisha uniletee gari zima, hiki unachonishikisha ni mgonjwa aliyeletwa mkono mmoja.

Alichonieleza pale naomba nikieleze kwa maneno yangu maana ndo kiini cha barua yenyewe.

Krosi ni kitu cha ajabu. Watu wengi, na mimi nilikuwemo, tunadhani kazi yake ni kupokea mzunguko huku na kuutoa kule kwa pembe yoyote, vile vile kama ulivyoingia. Hapana. Krosi ikikaa kwenye pembe, upande unaoingia unazunguka sawasawa lakini upande unaotoka unakwenda kwa kuharakisha na kuchelewa, kuharakisha na kuchelewa, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja. Pembe ikiwa ndogo husikii. Pembe ikiwa digrii 10 zile mbio zinapanda na kushuka kama asilimia moja na nusu. Ikiwa digrii 20 inakuwa kama 6, na ikifika 30 inapita 13, yaani pembe ikiongezeka mara mbili tabu inaongezeka mara nne. Sasa chukua tairi ya inchi 31 na difu ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 tairi ikizunguka mara moja, ukiwa spidi 80 tairi inazunguka kama mara 9 kwa sekunde na propela kama mara 37, na kwa kuwa kila mzunguko una misukosuko miwili basi kwa sekunde moja tu difu yako na transfa yako zinapigwa ngumi kama 74. Ngumi ndogo ndogo, lakini 74. Ndo ule mngurumo. Na ndo tofauti ya kutambua, tairi isiyo na balansi inakutikisa kwa mawimbi unayoweza karibu kuyahesabu, propela inanguruma kama mashine ya kusaga ya jirani.

Wazee waliotengeneza gari walijua hilo siku nyingi. Mzee wangu akanikumbusha dira ya meli jinsi inavyoning'inia kwenye pete moja ndani ya nyingine ili meli ilale huku na dira ibaki sawa, akasema krosi ni ndugu yake yule, na kweli wazungu mpaka leo wanaiita kwa majina ya watu wawili, Cardano, mtaliano wa karne ya 16, na Hooke, muingereza wa karne ya 17. Yaani kabla gari haijaota. Na dawa yake ikajulikana, kwamba krosi moja ikiharibu, ya pili itengeneze. Propela ina krosi mbili, huku na huku, na ukizipanga vizuri ile haraka ya krosi ya kwanza inalipwa na chelewa ya krosi ya pili, difu inapokea mzunguko safi kana kwamba hakuna pembe kabisa. Lakini deni hilo halilipwi bure, lina masharti mawili. Sharti la kwanza pembe ya krosi ya mbele na ya krosi ya nyuma ziwe sawa. Sharti la pili masikio ya propela, ule uma wa mbele na uma wa nyuma, yatazame upande mmoja, yaani ukiilaza propela sakafuni yote mawili yalale pamoja.

Kiwandani walishalifanya hilo. Shafti ya transfa inayotoka kwenda nyuma imeinama kidogo, na pinioni ya difu imeinuka kidogo kwa kiasi kile kile, ukizitazama kwa ubavu ni mistari miwili inayokwenda sambamba kama reli, propela inakatiza katikati. Halafu tunakuja sisi na sheko zetu.

Sasa hili la sheko nililisoma mara mbili mwenyewe mpaka likaniingia. Ukirefusha sheko ya nyuma kwa sentimita 10 gari haipandi 10, inapanda kama 5 tu, kwa sababu kichwa cha mbele cha springi hakijasogea, kimebaki pale pale kwenye pini yake. Springi nzima inakuwa imelala mteremko, nyuma chini mbele juu, na difu imefungwa juu ya springi hiyo hiyo, kwa hiyo nayo inalala, pua yake inatazama juu. Springi ya mita moja na kidogo ukiishusha mwisho wake sentimita 10 umeigeuza difu karibu digrii 5. Fundi wangu hakugusa difu hata kwa spana, lakini aliigeuza.

Kupima. Hapa ndo nilishangaa zaidi maana nilitegemea mzee atoe kifaa cha maana. Akamwita mjukuu wake, akamwambia lete mkebe wako wa hesabu. Akatoa kile kipimapembe cha plastiki cha shilingi chache, akatoboa tundu dogo pale katikati, akapitisha uzi wa kushonea, mwisho wa uzi akafunga nati ndogo. Basi, timazi tayari. Unakibandika ubavu wake ulionyooka kwenye chuma unachotaka kupima, uzi unaning'inia wima kwa uzito wa nati, unasoma umetoka digrii ngapi na 90 kama chuma kimelala, au na sifuri kama kimesimama. Siku hizi hata simu zina programu ya pima maji inasoma digrii, ni sawa tu, ila simu yangu mimi siiweki chini ya difu inayovuja.

Alipima sehemu tatu. Uso wa flenji ya transfa, ile sahani ya bolti inayofungwa propela, mwili wa propela, na uso wa flenji ya pinioni. Na alinigombeza kitu kimoja ambacho naona gereji nyingi wanakosea, gari isimame kwa miguu yake yenyewe. Usiinue kwa jeki ukapima tairi zikining'inia, hapo ekseli imeshuka na namba zote ni za uongo. Tena akaniuliza kawaida unabeba nini, nikasema magunia kumi hivi, akasema basi weka magunia, springi iliyobeba na springi tupu hazina pembe moja. Tukaazima mifuko ya saruji ya jirani anayejenga. Lile la ardhi lisikusumbue sana, maana gereji zetu zipo chini ya miembe na nani ana sakafu ya saruji iliyonyooka, ardhi ikiwa na mteremko kidogo haidhuru mradi usilisogeze gari katikati ya kupima, unachotafuta ni tofauti kati ya namba na namba.

Zangu zilitoka hivi. Transfa imeinama digrii 4 kwenda nyuma. Propela imeinama 13, kabla ya kuinua mzee alipiga hesabu akasema ilikuwa kama 8. Pinioni imeinuka pua digrii 9. Sasa toa. Krosi ya mbele, 13 toa 4, digrii 9. Krosi ya nyuma, 13 toa 9, digrii 4. Tisa kwa nne. Krosi ya mbele inaharibu kwa nguvu ya 9 na ya nyuma inalipa kwa nguvu ya 4, na deni linalobaki linaingia kwenye difu, kwenye sili, kwenye kiti changu na kwenye kioo cha pembeni. Na ndo maana krosi zote nne zilizokufa zilikuwa za mbele! Miezi minane mimi na fundi tumeliona hilo kwa macho, kila tukifungua ni ya mbele, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza hivi feki gani hii inayochagua upande.

Hapa kuna mtego mwingine ambao nawaomba wasomaji wenye gari za kuinua wausome polepole. Mimi nilipoona zile namba nikasema basi mjomba tuinue pua ya pinioni zaidi iitazame transfa moja kwa moja, krosi ya nyuma inyooke kabisa ibaki sifuri. Akili ya kawaida inakwambia propela iliyonyooka ndo nzuri. Akasema hapo utaua gari. Pinioni kuitazama transfa moja kwa moja ni halali kwa propela za aina nyingine, zile zenye krosi mbili zimebebana pamoja upande wa transfa, hizo zinalipana deni zenyewe kwa zenyewe pale pale juu na nyuma hazihitaji msaada. Lakini propela yenye krosi moja moja kila mwisho kama yangu, ukinyoosha ya nyuma umeondoa mlipaji, umebaki na mdaiwa. Na tena krosi isiyo na pembe hata kidogo nayo haiishi, vile vijiti vidogo ndani ya kikombe chake havibingiriki, vinakaa sehemu moja vinachimba chuma na grisi haitembei. Angalau nusu digrii mpaka moja lazima iwepo.

Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa kinyume cha nilivyofikiri, kushusha pua ya pinioni. Lakini ukiishusha digrii 5 zote krosi mbili zinakuwa 9 kwa 9, zinalipana ndiyo, ila 9 ni kubwa kwa gari inayotembea lami, krosi inachoka mapema. Kwa propela ya mwendo kasi wanapenda zisizidi digrii 3, sisi wa magari ya kuinua hiyo 3 tunaiota tu, lakini si sababu ya kuridhika na 9. Mzee akaanza na mbele. Ile boriti ya chuma inayobeba gia boksi akaishusha kwenye chesesi kwa vipande vya chuma vya sentimita mbili na nusu na bolti ndefu zaidi. Transfa ikainama zaidi, kutoka 4 ikawa 6, na kwa kuwa imeshuka propela nayo ikapoa kutoka 13 ikawa 12. Krosi ya mbele sasa 12 toa 6, digrii 6. Hapo lazima uangalie feni isiguse kava ya rejeta maana injini yote imelala, na mipira ya maji na fimbo ya gia visivutike. Na ndiyo, tumbo la gari linashuka kidogo, kile ulichokipata kwa kuinua unakirudisha kiasi, hakuna cha bure.

Kisha kabari. Hicho ndo kifaa chenyewe Mhariri, kabari ya chuma, kama ya kupasulia kuni ila bapa, unaiweka kati ya springi na kikalio chake kwenye ekseli, ina tundu katikati la kupitisha kichwa cha senta bolti isiteleze. Kwa hesabu nilihitaji digrii 3, akaweka 4, kwa makusudi, kwa sababu ukikanyaga mafuta difu inajipindua, pua inanyanyuka yenyewe kama kichwa cha farasi anayeanza kukimbia, na springi za bamba zinairuhusu. Ile digrii moja ya ziada inaliwa na mzigo wa injini, ukitembea zinakuwa 6 kwa 6. Upande wa unene wa kabari hapo ndo watu wanapokosea na kuondoka na gari mbovu kuliko walivyokuja nayo. Kama springi imekaa juu ya ekseli na unataka pua ishuke, unene utazame mbele. Kama springi imekaa chini ya ekseli, unene utazame nyuma. Ukitaka pua ipande geuza maneno yote. Na kabari iwe ya chuma, zile za aluminiamu zinapondeka, yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zinalegea, kisha siku moja springi inatembea peke yake. Anayeweza zaidi akate kikalio cha ekseli akichomelee upya kwa pembe sahihi, hiyo ndo kazi ya kudumu, mimi hela ilikuwa haijafika huko.

La mwisho, na hili lilimfanya mzee atikise kichwa, masikio ya propela yangu hayakuwa sambamba. Kuna siku propela ilichomolewa pale kwenye meno inapoteleza ili ipigwe grisi, na aliyerudisha alirudisha meno yalipokubali kuingia, basi. Sharti la kwanza lilikuwa limevunjwa na gereji ya kuinua, la pili likavunjwa na gereji ya grisi, makosa mawili yamepanga chumba kimoja. Kabla ya kuchomoa piga alama mbili za rangi, moja huku moja huku, dakika haifiki. Na ukiwa hapo hapo angalia ile sehemu ya kuteleza imebaki imeingia kiasi gani, maana gari ikipanda propela inavutwa kama mpira, meno yakishikana kwa inchi moja tu siku utakayoanguka kwenye korongo itachomoka.

Baada ya hapo ndo akainua gari kwa jeki, tairi zikaning'inia kabisa, akazungusha propela kwa mkono taratibu mzunguko mzima kusikiliza kama masikio yanagusana. Huo ni upimaji mwingine na wa kwanza usiuchanganye nao. Kwenye zile kona za kupanda Amani tairi moja ikiwa hewani pembe inaongezeka kuliko ukiwa umesimama, masikio yakigusana hapo krosi haichakai, inakatika.

Sasa wenye gari za koili nao wasikae mbali wakacheka. Land Rover 110 ya kuanzia 1983 na hizi Land Cruiser za 1999 kuja huku zenye koili mbele, ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili inayoelekea nyuma. Ukiweka koili ndefu ile mikono inainama, pua ya difu ya mbele inapanda, na kubaya zaidi ule mlalo wa nguzo za magurudumu unaopunguza usukani kuyumba unapotea. Gari inakuwa haitaki kunyooka, unaendesha kama mlevi. Ukirudisha usukani kwa busha za kupinda, zile raba za kwenye mikono zenye tundu lisilo katikati, unaivuta pua ya difu chini na propela ya mbele inalalamika, ukiipendelea propela usukani unalalamika. Pale inabidi uchague, na mimi ningechagua usukani, kwenye Land Cruiser propela ya mbele unaweza kukaa nayo bila kuivuta mpaka ufike kwenye matope. Wanaoinua kwa kuweka kitofali cha chuma kati ya springi na ekseli wao afadhali kidogo, difu haigeuki, pembe zinabaki sawa kwa sawa, tatizo zinakua tu zote mbili. Na gari fupi ndo inateseka zaidi ya ndefu, sentimita 10 kwenye propela ya sentimita 120 ni kama digrii 5, kwenye propela ya 60 ni karibu 10. Wenye Suzuki ndogo mpo?

Mtu atasema mngurumo tu wewe unaandika barua. Nitamwambia jambo moja. Land Rover hizi za kizamani mpaka 110 breki ya mkono haipo kwenye magurudumu, ipo nyuma ya transfa na inashika propela. Propela ikikatika mlimani hujapoteza tu nguvu ya kupanda, umepoteza na breki ya mkono, na ile ncha iliyobaki inazunguka inapiga chochote kilicho karibu, bomba la breki likiwemo. Gari za Amani zinabeba watu juu ya magunia, sote tunajua, tusijifanye.

Ninachoomba kwa gereji za hapa Tanga ni kitu kidogo sana, mteja akija kuinua, chukua zile namba tatu kabla hujafungua bolti hata moja, ziandike kwenye karatasi, umalize kazi, uzichukue tena, umpe mteja karatasi yenye namba sita. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi hesabu hizi wamezisoma shuleni, ni kutoa tu, 13 toa 4. Na mteja naye asiyepewa namba asilipe salio. Kwa msomaji mwenzangu wa krosi tatu, kabla hujanunua ya nne, tafuta sehemu tambarare ya lami, si mteremko, nenda mpaka spidi inayonguruma kisha achia mafuta, mngurumo ukibadilika sauti ukiachia na ukikanyaga basi tazama pembe. Weka gia huru ukiwa mwendo ule ule, mngurumo ukiendelea injini haina kesi. Na ukitaka uhakika chomoa propela ya mbele utembee bila hiyo, kisha ndo uje kwa ya nyuma. Ukikuta namba ziko sawa na krosi bado inakufa, basi njoo tuandike barua ya pamoja kuhusu feki, nitasaini wa kwanza.

Mimi ile krosi ya tano niliyowekewa siku ile na mzee ndo iko mpaka leo, ina masika tatu, na nilinunua duka lile lile nililokuwa nalitukana. Nilikwenda kumuomba radhi mwenye duka, akaniambia hata hakujua kama namsema. Kioo cha pembeni naona pikipiki moja. Kipimapembe cha mjukuu wa mzee nilimnunulia kingine na mkebe wake mzima, kile chenye tundu na nati kinakaa kwenye dashibodi yangu, anayetaka kuazima anikute asubuhi kabla sijapanda.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga